Mshauri asiyetaka kutubadilisha: tutampata wapi, na atatufanyia nini?

Swali: "Naishi na mpenzi wangu, mwanamke mwenzangu, chumba na sebule huku Nyakato, Mwanza. Huu ni mwaka wa tatu, na majirani wanajua sisi ni ndugu. Tangu Pasaka kaka zake wameshupalia habari ya posa. Yeye amenyamaza tu, mimi silali, na tunagombana kwa kunong'ona kwa sababu ukuta ni mmoja na jirani. Nilikwenda kwa mshauri nasaha. Kikao cha pili akasema nina pepo, nirudi na mchungaji. Je, tatizo ni hali yetu yenyewe? Kuna tiba ya watu kama sisi, na tunaweza kwenda wawili? Tukikosa mtu, tufanye nini wenyewe?"

Jibu: Dada, nianze na lile la kwanza, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi kuliko posa yenyewe. Hali yenu si ugonjwa. Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Evelyn Hooker, aliwapa wataalamu wenzake majibu ya vipimo vya wanaume mashoga na wasio mashoga, majina yakiwa yamefichwa, wakashindwa kusema yapi ni ya nani. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliufuta ushoga kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1973. Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo tarehe 17 Mei 1990, na toleo la 11 la orodha yake, lililoanza kutumika 2022, likaondoa hata kile kipengele kilichobaki cha mtu "asiyeridhika na mwelekeo wake". Tanzania ni mwanachama wa shirika hilo. Mshauri aliyekutajia pepo alikuwa anakupa imani yake akiwa amekalia kiti cha taaluma. Ana haki ya kuwa na imani, lakini hukwenda kwake kwa ajili hiyo.

Kinachokuumiza ni kile watafiti wanachokiita msongo wa walio wachache, nadharia iliyoelezwa kwa kina na Ilan Meyer mwaka 2003. Ina sehemu mbili. Ya kwanza iko nje: matusi, posa ya lazima, mshauri anayekufukuzia kanisani, sheria. Ya pili iko ndani, na imejengwa na ile ya kwanza: kutega sikio muda wote ukisubiri baya, kuchunga kila neno kuanzia dukani kwa Mangi hadi kitandani kwako, na ile aibu uliyolishwa tangu utoto mpaka ukaanza kuisikia kama sauti yako mwenyewe. Mwili unaolinda zamu saa 24 haupati usingizi. Hasira inakuwa karibu, tumbo linasokota, na mtu wa pekee unayeweza kumfokea bila kuogopa ni yule mnayelala naye. Ndiyo maana wapenzi wengi wa jinsia moja hugombana wakidhani mapenzi yamekwisha, kumbe wote wawili wamechoka kwa ulinzi.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya tiba hii, kwa kuwa vimeandikwa Ulaya na Marekani, hulipitia juu juu. Kwa maoni yangu ndilo kiini cha tiba nzuri Mwanza. Kuficha na kuona aibu ni vitu viwili. Kuficha ni ulinzi: unaamua nani ajue, lini, kwa faida gani, na unaweza kubadili uamuzi. Aibu ni kuamini kwamba unaficha kwa sababu wewe ni mchafu. Tiba inashughulika na aibu, na kuficha inakuachia wewe. Mtaalamu akikuambia huwezi kupona mpaka umwambie mama yako, hajui anafanya kazi wapi. Na akikuambia kuficha kwako ni dalili ya kuona kosa lako, huyo ni yule wa kwanza amebadili koti.

Kuhusu kubadilishwa, niseme kwa ufupi kwa sababu ushahidi hauna utata. Robert Spitzer, daktari wa akili aliyechapisha utafiti mwaka 2003 akidai baadhi ya watu hubadilika, aliomba radhi hadharani mwaka 2012 na kukiri kwamba utafiti wake haukuthibitisha hivyo. Exodus International, shirika kubwa la Kikristo lililoendesha kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30, lilijifunga mwaka 2013 likiomba msamaha. Huku kwetu kazi hiyo huvaa nguo nyingine: mikesha ya maombezi, kufunga siku nyingi bila maji, dawa za mganga, kuozwa haraka. Madhara yanafanana kote. Mtu anapoombewa na asibadilike, lawama inamrudia yeye kwamba hana imani ya kutosha, na huzuni inashuka chini zaidi kuliko alipoanza. Kama unasali, endelea kusali. Mtaalamu mzuri hatakulazimisha uchague kati ya Mungu wako na mwenzako; atakusaidia utofautishe sala inayokutuliza na sala inayokupiga.

Sasa tiba yenyewe. Ni vikao vya dakika 45 hadi 50, mara moja kwa wiki, kwa kawaida kati ya 8 na 16. John Pachankis wa Chuo Kikuu cha Yale alitengeneza mfululizo wa vikao 10 kwa vijana wa kiume mashoga na wanaopenda jinsia zote mbili, na jaribio lake la kwanza likachapishwa 2015. Wengi wanaofanya kazi hii wamechota humo, nami nitaeleza kwa mpangilio unaokaribiana na huo.

Kikao cha kwanza ni cha kukusikiliza na kupima. Kipimo cha kawaida cha sonona ni PHQ-9, ambacho kipo kwa Kiswahili: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 5 hadi 9 ni sonona nyepesi, 10 hadi 14 ya kati, 15 hadi 19 inaelekea kuwa kali, 20 na zaidi ni kali. Swali la 9 linauliza kuhusu kujidhuru au kutamani kufa. Lijibu kweli, hata kama mengine umeyapunguza. Kipimo hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na alama zisiposhuka baada ya vikao 5 au 6, njia inabadilishwa. Mshauri asiyepima chochote atakuambia unaendelea vizuri kwa sababu umeacha kulia ofisini kwake.

Vikao vya pili na tatu huchora ramani: nini hutokea nje, wewe huwaza nini, mwili hufanya nini, halafu unafanya nini. Tuchukue mfano. Mama mwenye nyumba anasimama kidogo uani akitazama nguo zenu zilivyoanikwa pamoja. Unawaza: "Ameshajua." Hofu inapanda hadi 90 katika 100. Usiku unamlaumu mwenzako kwa nini alianika zote kamba moja. Kazi ya mtaalamu ni kukuuliza maswali matatu. Ni kitu gani hasa ulichoona au kusikia, ukiacha ulichodhani? Mtu huyu amewahi kufanya nini huko nyuma aliposikia habari za watu? Na kama angejua kweli, hatua ya kwanza ya kujilinda ingekuwa ipi?

Majibu hugawa hofu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni hofu yenye chanzo: jirani aliyekwisha kusema maneno, kaka aliyetishia. Hiyo haitibiwi kwa kuwaza vizuri. Inahitaji mpango, yaani akiba ya kodi ya miezi mitatu, mahali pa kulala usiku mmoja, namba ya mtu mmoja anayejua. Fungu la pili ni hofu ya mazoea, ambayo hubaki hata pasipo na hatari. Hiyo hutibiwa kwa kuijaribu kidogo kidogo. Wengi hutembea sokoni wakiachana hatua kumi kama wasiojuana, wakati wanawake wawili wanaochagua dagaa pamoja Mwaloni Kirumba hawamshangazi mtu yeyote. Zoezi la wiki linaweza kuwa hilo tu: nendeni pamoja, nunueni, pandeni daladala moja mkirudi, kisha kila mmoja aandike hofu yake ilikuwa ngapi kabla na ngapi baada. Kwa wanaume wawili hesabu ni tofauti, mtaa hadi mtaa. Ndiyo sababu zoezi hupangwa na anayejua mahali, halichotwi kitabuni.

Kosa linalotokea sana katika hatua hii ni mtaalamu kuichukulia hofu yote kuwa ya mazoea, akamsukuma mtu kwenye hatari. Kosa la pili, ambalo kwetu ndilo la kawaida zaidi, ni kuichukulia hofu yote kuwa ya kweli, basi mteja anazidi kujifungia mpaka anaacha kazi, kwaya na marafiki.

Vikao vya katikati vinashika aibu. Utaulizwa sauti hiyo ni ya nani: ya shangazi, ya mhubiri fulani, ya mwalimu wa bweni? Ukishamjua mwenye sauti, maneno yake yanakuwa maneno ya mtu, na ya mtu yanajibika. Huandikwa barua isiyotumwa, ikasomwa kwa sauti ndani ya kikao, kisha ikachanwa au kuchomwa. Kwako kazi ya maandishi iishie hapo hapo. Usirudi na karatasi nyumbani. Vikao vya mwisho ni vya kusema hapana bila kugombana, kupata watu, na kujua dalili za kurudi nyuma.

Kumpata mtu huyo ni kazi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando ina huduma ya afya ya akili, na Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Wapo pia wanasaikolojia binafsi mjini, na wapo wanaofanya vikao kwa simu wakiwa Dar es Salaam au Nairobi. Washauri waliofundishwa kuhudumia watu ambao serikali inawaita makundi maalumu kwenye huduma za VVU mara nyingi wamekwisha kusikia mengi na hawashtuki. Usitafute kibao barabarani. Mwaka 2017 serikali ilisimamisha vituo vya mashirika binafsi vilivyowahudumia watu hao, na tangu hapo kazi hiyo hufanyika kimya. Jengo wala dini ya mwenye hospitali haitakuambia kitu. Kinachopimwa ni mtu mmoja mmoja.

Mpime kabla hujamwambia jina lako. Piga simu useme: "Nina rafiki yangu yuko kwenye uhusiano na mtu wa jinsia yake. Ana msongo na halali. Hataki kubadilishwa. Umewahi kumhudumia mtu wa namna hiyo, na ungeanzia wapi?" Kisha nyamaza usikilize. Jibu zuri huanza na maswali kuhusu rafiki: analala vipi, anakula, yuko salama anapoishi, yeye mwenyewe anataka nini. Jibu baya huanza na chanzo: alibakwa utotoni? baba yake alikuwepo? anatoka familia ya dini gani? Anayesema "mlete tumsaidie aache" amekurahisishia kazi. Mwangalie zaidi yule anayesema haraka "mimi sina shida kabisa na hao watu", kisha anataka kujua nani ni mwanaume kati yenu. Huyo ana udadisi tu.

Akipita hapo, mwulize mambo matatu. Amesomea nini, na ana mtaalamu mkubwa wake anayemsimamia? Anaandika nini kwenye faili, na nani mwingine analisoma? Ni mambo gani yatamfanya atoe siri yako? Kwa swali la mwisho, jibu la kitaaluma ni fupi: hatari ya kujiua, hatari ya kumdhuru mtu mwingine, mtoto anayedhulumiwa, amri ya mahakama. Akisita, au akisema "itategemea", mshukuru ukate simu. Unaweza kuomba faili liandikwe "msongo wa mawazo na migogoro ya kifamilia". Huo ni ukweli, na unatosha kwa tiba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka habari za afya na za maisha ya kimapenzi kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo una msingi wa kuuliza.

Sheria nyingine ijue vilevile. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kujamiiana kinyume cha maumbile, kilivyokazwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinafika kifungo cha maisha, na kile cha vitendo vya aibu, 138A, hakibagui mwanaume na mwanamke. Vinaadhibu matendo. Havimwadhibu mtu kwa kuwa na huzuni wala kwa kumpenda mtu. Lakini sheria ya mwenendo wa jinai inagusa wajibu wa raia kutoa taarifa za makosa, kwa hiyo usisimulie ya kitandani kwa mtu ambaye hujamzoea. Mtaalamu wa kweli hayahitaji ili akutibu. Anahitaji kujua mnavyoongea, mnavyoogopa, mnavyopatana. Kama kuna shida ya tendo lenyewe, maumivu kwa mfano, inaelezwa kama dalili ya mwili, bila hadithi.

Kwa vikao vya simu, chumba chenye ukuta mmoja na jirani hakifai hata kwa kunong'ona. Tembea. Barabara ya Capri Point jioni au njia za Bwiru zina watu wanaoongea na simu wakitembea, na hakuna anayegeuka. Weka visikizi masikioni, utumie maneno ya kawaida: "mwenzangu", "nyumbani". Washa ujumbe unaojifuta na ufunge programu kwa namba ya siri tofauti na ya simu. Kumbuka pia laini imesajiliwa kwa alama za vidole, na malipo ya simu huonyesha majina pande zote mbili. Kabla ya kulipa, mwulize jina litakalotokea ni la mtu au la kituo.

Mnaweza kwenda wawili, ndiyo, na kwa lile ulilolieleza ningewashauri mwende wawili. Utaratibu wa kawaida ni kikao kimoja cha pamoja, kimoja kwa kila mmoja peke yake, kisha cha pamoja mpaka mwisho. Kabla ya vile vya peke yenu mkubaliane: ukimwambia mtaalamu siri, ataibeba au atakutaka uiseme mbele ya mwenzako? Lisipoamuliwa mapema hili huvunja tiba nyingi, maana mmoja akigundua mtaalamu alijua, humwona ameegemea upande.

Kwa barua yako, naona mduara ambao Sue Johnson, mmoja wa waanzilishi wa tiba ya wapenzi inayojikita kwenye hisia, angeutambua haraka: mmoja anaandama, mwingine anajifunga. Wewe ukiogopa kumpoteza, unauliza, unarudia, unapandisha. Yeye akiogopa kaka zake na akiogopa kukuumiza, ananyamaza. Kimya chake unakisoma kuwa amekubali posa. Maswali yako anayasoma kuwa humwamini. Kila mmoja anamsukuma mwenzake kwenye kile anachokiogopa. Mtaalamu hatamtafuta mwenye kosa; atautaja mduara wenyewe kila unapoanza kuzunguka, mpaka nanyi mjifunze kuutaja.

Watafiti wa mahusiano John Gottman na Robert Levenson waliwafuatilia wapenzi wa jinsia moja kwa miaka 12. Waliona kwamba wapenzi hao huanza mabishano kwa upole na utani zaidi kuliko wanandoa wa mume na mke, na hutawalana kidogo. Mna mtaji, basi. Kinachoupoteza ni saa na mahali. Ugomvi wa kunong'ona saa tano usiku una kasoro tatu: mmechoka, hamuwezi kupaza sauti wala kulia, na hakuna pa kutokea. Hamisheni mazungumzo hayo. Jumapili alasiri, nje, mkitembea, jambo moja tu, dakika 40 zisizidi. Mmoja aongee dakika 10 na mwingine akae kimya, kisha msikilizaji arudie alichosikia mpaka msemaji aseme "ndivyo". Hapo ndipo mbadilishane. Msikilizaji hajibu, hajitetei. Mara mbili za kwanza mtajiona mnaigiza, endeleeni. Moyo ukianza kwenda mbio, mmoja aseme "tupumzike", mwachane kwa dakika 20 angalau, maana mwili hautulii kwa dakika 5, na aliyeomba mapumziko ndiye anayerudi kuanzisha. Asiporudi, mapumziko yamegeuka kuwa kile kimya chenyewe.

Zoezi hili lina mpaka. Kama mmoja anampiga mwingine, au anasema "nitawaambia ndugu zako ulivyo", msiende wawili. Kitisho cha kuanika siri ya mtu ni ukatili kamili, na aliyetishwa anahitaji kwanza mtaalamu wake peke yake na mpango wa kuondoka.

Posa inataka jibu moja ambalo ninyi wawili mmelikubali, na mwenye kulitoa ni yeye, si wewe. Msibuni mchumba. Mchumba wa uongo atahitaji sura, ukoo, tarehe na mwisho mahari. Tumieni sababu ya kweli yenye muda: kozi, mtaji, deni la kikoba, "mpaka mwakani baada ya mavuno". Tafuteni pia mtu mmoja wa ndani, shangazi au dada mkubwa, wa kupunguza kasi. Hahitaji kujua kwa nini. Na chunguzeni kaka zake wanataka nini hasa. Usukumani ng'ombe wa mahari ya dada wamekuwa wakimsaidia kaka kuoa. Pengine mnachokidhani ni tuhuma ni hesabu ya ng'ombe tu, na kaka anayesubiri mtaji hulainika kwa mchango wa kweli kuliko kwa maelezo. Mkataba wa pango uwe na majina yenu wote, msije mmoja akabaki nje na mizigo.

Mkikosa mtaalamu, au mkimsubiri, Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao 5 vya dakika 90 ulioandaliwa uendeshwe na mtu asiye mwanasaikolojia aliyepewa mafunzo. Nguzo zake nne zinafanyika nyumbani. Kupumua polepole: vuta hewa kwa tumbo ukihesabu hadi 3, toa ukihesabu hadi 3, dakika 5 asubuhi na 5 jioni, kila siku, hata usipojisikia vibaya. Wanaoanza siku ya mshtuko tu husema haifanyi kazi. Kushughulikia shida: andika moja inayowezekana kutatuliwa, taja njia zote hata za kijinga, chagua moja, amua siku na saa, kisha tazama matokeo. "Kaka zake waache" haimo. "Nimpigie shangazi Jumamosi" imo. Kurudisha shughuli: chagua uliyoiacha, kwaya au ushonaji, na ukate kipande kidogo mno kiasi cha kukosa sababu ya kushindwa. Ya nne ni watu: mmoja wa kuongea naye, mwingine wa kusaidiana kazi. Kama mna kuchu wenzenu, yaani watu wa mapenzi ya jinsia moja kama ninyi, mnaowajua kwa muda mrefu, ni hazina. Wapya wa mtandaoni wanaoharakisha kukutana faragha wawekeni mbali, maana wapo wanaotega watu ili wawatoze fedha. Ukitishwa, usilipe hata mara moja, tunza ujumbe, na umtafute wakili kabla ya polisi.

Usingizi nao una kanuni yake. Usipolala kwa takriban dakika 20, toka kitandani, kaa sebuleni gizani au kwenye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Amka saa ile ile hata kama umelala kidogo. Chai na soda za kola ziishe saa nane mchana. Konyagi huleta usingizi wa saa tatu na kuuiba uliobaki.

Alama za PHQ-9 zikivuka 15, au ukishindwa kazi na chakula, mwone daktari kuhusu dawa sambamba na mazungumzo. Ya kawaida ni fluoksetini miligramu 20 asubuhi. Wengi huanzishwa 10 kwa wiki moja. Nafuu huja baada ya wiki 4 hadi 6, na siku za mwanzo wasiwasi unaweza kuongezeka kidogo. Hutumiwa miezi 9 hadi 12 baada ya kupona na hupunguzwa taratibu chini ya daktari. Amitriptilini hutolewa sana huku. Inasaidia, lakini ikizidi kipimo inaua, kwa hiyo isikae nyingi nyumbani kwa mtu mwenye mawazo ya kufa. Diazepamu ya duka la dawa, ile ya kutuliza na kuleta usingizi, ni ya siku chache tu, kisha inakuwa shida ya pili.

Mawazo ya kufa yakija na njia au siku, usibaki peke yako usiku huo. Mwambie mwenzako akutolee dawa na sumu zote ndani, mwende hospitali pamoja, na useme maneno haya: "Nina mawazo ya kujiua na naogopa nitayafanya." Huhitaji kueleza ya mapenzi ili upokelewe. Kujaribu kujiua bado ni kosa kisheria Tanzania. Kuomba msaada kabla si kosa.

Limebaki moja ambalo hukuuliza, ila nimelisoma kati ya mistari: itakuwaje akikubali posa. Tiba haitamzuia, wala mtaalamu hana haki ya kuwaamulia. Kitakachokutesa ni msiba usio na matanga, kwa sababu hakuna jirani atakayekupa pole kwa kuondokewa na "ndugu" aliyeolewa. Panga kabla. Mtu mmoja anayejua, akae nawe wiki mbili za kwanza. Ruhusa ya siku tatu kazini kwa sababu ya kifamilia. Vitu vyenu vigawanywe mkiwa bado mnaongea vizuri, na picha za simu muamue pamoja zipi zifutwe. Vikao vyako wewe mwenyewe visikatwe hapo. Omba angalau vinne zaidi, cha kwanza kiwe wiki ile ile anayoondoka.